Fishi ndogo ya AUX: kitu gani kiko upande mwingine wa waya?



Mwezi huu ukurasa wetu hausemi juu ya kofia ya kazi, wala viatu, wala mkanda wa usalama. Tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo kuliko kidole cha mtoto: ile fishi ya waya wa muziki, inayoingia katika tundu la telefoni upande mmoja, na katika tundu la AUX la ampli upande mwingine. Unaijua. Pengine iko mfukoni mwako sasa.

Utauliza: muziki ni mambo ya nyumbani, usalama wa kazi unaingia wapi hapo? Unaingia mara mbili. Kwanza, umeme hauulizi kama uko kazini ao uko likizo. Pili, masikio unayopeleka kwenye muziki jioni ni yale yale uliyotumia asubuhi karibu na mashini ya kutoboa mawe. Hakuna mtu aliyepewa masikio ya kazi na masikio mengine ya mapumziko.

Wengi kati yetu tunaofanya kazi Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi tuna wazazi Kamina na katika vijiji vya Haut-Lomami. Si jambo la jana. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilikwenda kutafuta watu wa kazi katika Lomami, na reli ya BCK iliyofika Ilebo mwaka 1928 ilipita pale pale Kamina. Mtu akipata likizo anarudi kwa wazazi, na katika mizigo yake siku hizi, pamoja na sabuni na vitambaa, kuna ampli na bafle. Kuna ndoa ya mdogo wake, ao kuna kilio. Watu wanataka kusikia nyimbo. Umeme wa mji unakuja na kwenda, basi grupu inawashwa uani. Telefoni inaletwa, waya unatafutwa, na kijana mmoja anayejiita fundi anaingiza fishi. Tutafuata fishi hiyo hatua kwa hatua.

Fishi hii ilitoka wapi

Ile kubwa, ya milimeta 6.35, ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika nyumba za telefoni. Mtu wa posta aliketi mbele ya ubao wenye matundu mengi, akaunganisha anayeita na anayeitwa kwa waya wenye fishi. Mpaka leo gitaa na ampli za kanisa zinatumia fishi ya ukubwa ule ule. Ndogo, ya milimeta 3.5, ilienea pamoja na redio za transista. Mwaka 1979 Sony ilitoa Walkman ya kwanza, na kitu kimoja katika mashini ile kinatufaa hapa: ilikuwa na matundu mawili, ili watu wawili wasikilize pamoja, na kifungo cha kupunguza muziki ili waweze kusemezana. Walioitengeneza walikwisha kuona kwamba mtu mwenye muziki masikioni hasikii jirani yake. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Angalia fishi yako sasa. Utaona imegawanywa na mistari midogo myeusi. Ncha inapeleka sauti ya kushoto. Pete inayofuata inapeleka sauti ya kuume. Sehemu ndefu ya nyuma ni njia ya kurudi, wanayotumia wote wawili. Kama kuna mistari mitatu badala ya miwili, basi kuna pete moja zaidi, ya mikrofoni. Tundu la AUX halihitaji mikrofoni. Kwa hiyo waya wa kuunganisha telefoni na ampli unatosha kuwa na mistari miwili.

Mambo haya si ya kujionyesha elimu. Yanaeleza ugonjwa mmoja ambao kila mtu ameuona: muziki unatoka, lakini sauti ya mwimbaji imepotea, ngoma na magitaa vinasikika kwa mbali kama viko ndani ya pipa. Watu wanasema wimbo ni mbaya ao telefoni imekufa. Sivyo. Fishi haikuingia mpaka mwisho, ao njia ya kurudi imekatika ndani ya waya. Hapo kushoto na kuume vinapigana: kile kilicho sawa pande zote mbili kinafutika, na mara nyingi mwimbaji ndiye aliye sawa pande zote mbili. Kijana anafanya nini? Anaongeza sauti mpaka mwisho. Kisha mtu anagusa waya, fishi inaingia vizuri, na mshindo mmoja unatoka kwa nguvu zote. Bafle inapasuka utando. Mtoto aliyeketi mbele ya bafle anaweka mikono masikioni, lakini amechelewa.

Basi ufanye hivi. Zima ampli ao rudisha kifungo chake cha sauti kwenye sifuri. Ingiza fishi pande zote mbili mpaka usikie ikijibu ndani. Weka sauti ya telefoni juu kidogo ya nusu. Halafu ndipo uongeze ampli, polepole. Wakati wa kuchomoa, anza tena na sifuri. Shika fishi yenyewe, usivute waya. Waya mwingi unakufa pale pale unapotoka katika fishi, kwa sababu watu wanauvuta kama kamba ya mbuzi.

Na usikosee tundu. Nyuma ya ampli kuna matundu ya kuingiza na matundu ya kutoa. AUX ni ya kuingiza, na inangoja nguvu ndogo sana, ambayo kwa kawaida haifiki volti 2. Matundu ya bafle ni ya kutoa. Ampli ya wati 50 kwenye bafle ya omu 8 inatoa volti 20. Ukichukua volti 20 hizo na kuzirudisha katika AUX ya mashini nyingine, ao katika telefoni, usishangae ukiona moshi. Kama ampli yako haina tundu la fishi ndogo bali ina matundu mawili, jekundu na jeupe, hayo pia ni mazuri: jekundu ni kuume, jeupe ni kushoto. Waya wenye fishi ndogo upande mmoja na hizo mbili upande mwingine unauzwa sokoni. Nunua huo. Usikate nyaya mbili na kuzifunga pamoja kwa plastiki.

Umeme wa 220 unaingiaje katika waya wa muziki?

Hapa ndipo tunaomba usome polepole.

Waya wa muziki wenyewe hauna nguvu ya kumdhuru mtu. Telefoni peke yake, ikitumia batri yake, haiwezi kukupiga. Hatari haiko katika waya. Iko katika kitu kilichofungwa upande mwingine wa waya. Fishi ya milimeta 3.5 ni chuma, na chuma hicho kimeunganishwa na mwili wa ampli. Ampli imeunganishwa na prizi ya volti 220. Kama ndani ya ampli kuna waya uliolegea na kugusa sanduku la chuma, basi volti 220 ziko juu ya sanduku, ziko juu ya fishi, ziko juu ya waya mpaka kwenye telefoni, ziko katika kaske iliyo kichwani mwako.

Ampli nyingi zenye sanduku la chuma zinatengenezwa na kinga dhidi ya jambo hili: prizi ya tere, yaani ule waya wa kijani na njano unaokwenda ardhini. Umeme ukigusa sanduku, unakimbilia ardhini, fizibu inakatika, na wewe unabaki mzima. Lakini tumeona nini majumbani? Ukuta hauna tere. Ao fishi ya ampli haiingii, basi mtu anakata ile sehemu ya tere kwa kisu ili iingie. Ao grupu iko juu ya mchanga mkavu na hakuna fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini. Muziki unalia sawasawa, hakuna anayeona tofauti. Tere ni kama lango la kutokea wakati wa moto: siku zote unapita mbele yake bila kulitumia.

Dalili ya kwanza ni kuwashwa. Unapitisha nyuma ya mkono juu ya ampli, unasikia kama chungu wadogo wanatembea. Wengi wanacheka na kusema mashini ina nguvu. Usicheke. Mwili wa mtu unaanza kusikia umeme kwenye miliampere 1 hivi. Kwenye miliampere 10 hivi mkono unafunga na hauwezi kuachia. Kwenye miliampere 30, ukipita kifuani kwa muda, moyo unaweza kusimama. Kutoka wale chungu mpaka kifo hakuna mbali: inatosha mikono iwe na jasho, miguu iwe wazi, na udongo uwe na maji.

Hakuna anayeweza kusema kwamba jambo hili linapata watu maskini tu. Mwezi wa Mei 1972, katika mji wa Swansea huko Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa kundi Stone the Crows alishika mikrofoni ambayo haikuwa na tere, akafa jukwaani mbele ya watu waliokuja kumsikiliza. Mwezi wa Mei 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake London akipiga gitaa lililofungwa kwenye ampli isiyo na tere nzuri. Wote wawili walijua muziki. Waya waliouamini ulikuwa waya wa fishi, kama huu wako.

Kwa hiyo, ukisikia chungu juu ya ampli, izime na uchomoe prizi kabla ya kutafuta sababu. Muite fundi wa umeme, yule anayefanya kazi ya nyumba na prizi, si fundi wa telefoni. Mwambie apime tere. Kama unajenga ao unatengeneza nyumba, mwombe aweke dijonkteri ya miliampere 30, ile inayokata umeme yenyewe unapopotea njia. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya bafle moja.

Kuna mguno mwingine unaosikika katika bafle, ule wa mmmm usiokwisha. Unatoka kwenye umeme wenyewe, unaopiga mara 50 kwa kila sekunde. Mara nyingi unakuja pale telefoni inapochajiwa huku imefungwa kwenye ampli. Chomoa chaji: ukinyamaza, umepata sababu. Kwa masikio mguno huo ni udhia tu, lakini unakuonyesha kwamba chaji na ampli zimeshikana kwa njia ya waya wa muziki. Chaji nzuri inatenga kabisa volti 220 za ukutani na volti 5 za telefoni. Katika chaji ya bei ya bure nafasi kati ya pande hizo mbili inaweza kuwa nyembamba kama ukucha, na siku moja joto ao unyevu unazikutanisha. Sheria yetu ni fupi: telefoni inayochajiwa haiwekwi kaske ya waya. Kama unataka kusikiliza, chomoa. Usilale nayo masikioni huku chaji iko ukutani.

Redio ya baba

Sasa neno kwa wale wanaopenda vitu vya zamani. Katika nyumba nyingi bado kuna redio kubwa ya mbao ya baba ao ya babu, yenye taa za kioo ndani. Sauti yake ni nzuri, nene, na kijana anawaza: nikitoboa tundu nyuma na kuweka AUX, nitaisikilizisha muziki wa telefoni. Wazo si baya, lakini ngoja. Baadhi ya redio hizo, na televisheni nyingi za miaka ya 1960 na 1970, zilitengenezwa bila transfoma ya kutenga. Mwili wao wa chuma umefungwa moja kwa moja kwenye waya mmoja wa prizi. Ndiyo maana sanduku lilikuwa la mbao na vifungo vya plastiki: ili mkono wa mtu usikutane na chuma kamwe. Ukiweka tundu la AUX, umetoboa ukuta huo. Umeleta chuma cha ndani mpaka nje, mpaka kwenye telefoni na mkono wa mtoto wako. Na inaweza kufanya kazi vizuri siku 10, kwa sababu fishi iliingia ukutani kwa upande mzuri. Siku ya 11 mtu anaigeuza, na mwili wote wa redio unakuwa na volti 220.

Redio ya namna hiyo iache iseme maneno yake yenyewe. Ama mpe fundi aliyesoma, aangalie kwanza kama ina transfoma. Akikujibu bila kufungua sanduku, tafuta fundi mwingine.

Wakati wa mvua

Katika Haut-Lomami mvua inaanza karibu na mwezi wa 10 na kuendelea mpaka mwezi wa 4, na radi zake unazijua. Congo ni kati ya nchi zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani. Antena iliyo juu ya mti na waya wa umeme unaotoka kwa jirani ni njia mbili za radi kuingia nyumbani. Ukisikia ngurumo, usingoje matone ya kwanza. Chomoa ampli ukutani, chomoa antena, na chomoa waya wa muziki. Kuzima kwa kifungo hakutoshi, kwa sababu radi iliyovuka kilometa nyingi za hewa haizuiliwi na kifungo cha milimeta 3.

Na kaske je? Kaske haiiti radi. Lakini ikiwa radi imekupata, waya wake unaiongoza kichwani. Mwaka 2005 huko Vancouver, Canada, mwanaume mmoja alikuwa akikimbia mazoezi na muziki masikioni. Radi ilipiga mti karibu naye na kumrukia. Waganga waliomtibu waliandika katika jarida lao mwaka 2007: utando wa masikio yote mawili ulipasuka na taya likavunjika, na alama ya moto ilifuata njia ya waya.

Mtu akipigwa na umeme wa nyumba, usimshike. Wewe pia utakamatwa. Kata umeme kwanza: chomoa, zima grupu, shusha dijonkteri. Kama huwezi, simama juu ya ubao mkavu na usukume waya kwa fimbo kavu ya mti, isiyo mbichi. Kisha angalia kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu, kifua kishuke sentimeta 5 hivi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha, na mwingine akimbie kuita gari. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali, kwa sababu moyo unaweza kusumbua baadaye.

Kaske mbili

Katika lugha ya kazi yetu neno kaske lina maana mbili. Kaske ya kwanza ni ile unayovaa juu ya masikio mbele ya kompresa, inayozuia makelele yasiingie. Ya pili ni ile inayopeleka makelele ndani. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Tumekwisha kuona wafanyakazi wanaovaa ya pili na kuamini wana ya kwanza. Hilo ni kosa kubwa. Kaske ya muziki haikutengenezwa kukinga. Mashini inalia, wewe unaongeza muziki ili uishinde mashini, na sasa sikio linabeba mizigo miwili.

Makelele yanapimwa kwa desibeli. Katika nchi nyingi kipimo cha kazi ni desibeli 85 kwa saa 8. Ukiongeza desibeli 3 tu, muda unakatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, desibeli 94 ni saa 1, na desibeli 100 ni dakika 15. Mashini ya kutoboa mawe kwa hewa inapita 110. Shirika la Afya Ulimwenguni, kwa upande wa muziki, linasema mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 za juma zima. Kwenye desibeli 90 zinabaki saa 4 za juma. Kwenye desibeli 100 inabaki kama dakika 20. Na telefoni nyingi, ukifungua sauti mpaka mwisho, zinaweza kufika 100 na kupita.

Sasa fanya hesabu yako mwenyewe. Umefanya zamu ya saa 8 mahali penye desibeli 85. Mkopo wa siku umekwisha pale mlangoni pa kutokea. Unapanda gari, gari linanguruma, unaweka kaske na kuongeza sauti ili uishinde motere. Saa nzima mpaka nyumbani. Ule si mkopo wa kazi tena, lakini sikio linaandika yote katika daftari moja.

Sikio linaandika wapi? Ndani kabisa, katika kitu kilichojikunja kama konokono, kuna seli zenye nywele ndogo, karibu 15,000 kwa kila sikio. Zinatikisika pamoja na sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Ukizilazimisha sana zinalala chini kama majani baada ya upepo mkali, na kesho yake zinasimama tena. Ndiyo maana baada ya ndoa unasikia filimbi masikioni, halafu asubuhi imekwisha. Ukirudia mara nyingi, baadhi hazisimami tena. Ngozi inaota upya, mfupa unaunga, lakini seli hizi haziunganishwi na mganga yeyote.

Na zinazokufa kwanza ni zile za sauti nyembamba, karibu na herzi 4000. Kwa hiyo mtu hajui. Anasikia ngoma, anasikia gari, anasema masikio yangu ni mazima. Lakini zile s, f, t na k zinapungua katika maneno ya watu. Bibi yake anasema kisu, yeye anasikia kitu. Anaanza kusema watoto wa siku hizi wanasema chini chini. Nyumbani jambo hili linaleta ugomvi mdogo. Shimoni mtu anapiga kelele «Toka!» na yeye anageuka kuuliza amesema nini.

Jipime hivi bila mashini. Kama mtu aliye umbali wa mkono wako anapaswa kupaza sauti ili umsikie, mahali pale pamefika desibeli 85 hivi. Kwa telefoni, usipite sehemu 6 kati ya 10 za sauti yake. Kama upande mmoja wa kaske umekufa, usiongeze sauti upande uliobaki ili kufidia. Tengeneza waya ao nunua kaske nyingine. Na kwenye sherehe, meta chache ni dawa: mahali pa wazi, ukitoka meta 1 mbele ya bafle mpaka meta 4, desibeli 12 zinapungua, maana yake muda wako unazidishwa mara 16. Wazee na watoto wachanga waketishwe mbali, na bafle ziinuliwe juu ya meza, zisitazame uso wa mtu aliyeketi chini.

Barabarani na kwenye reli

Kazini sheria inajulikana: hakuna muziki masikioni, wala wa waya wala wa Bluetooth, mahali penye mashini, magari makubwa ao baruti. Lakini likizo haina kapita wa kukukumbusha. Kamina ni mji wa reli. Njia ya kutoka Lubumbashi, njia ya Ilebo na njia ya Kabalo zinakutana pale, na watu wamezoea kutembea juu ya reli kama kwenye barabara, kwa sababu ni njia fupi na kavu. Treni haipiti kila saa. Hatari inatoka hapo hapo, kwa sababu mtu haingoji. Treni yenye mizigo haisimami kwa meta 50 ao 100, na dereva hana la kufanya ila kupiga honi. Kama honi yake inakuta tundu la sikio limezibwa na wimbo, ni kama hakupiga.

Toa sikio moja, wengine wanasema, nitasikia kwa lingine. Si kweli kabisa. Mtu anajua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili. Kwa moja utasikia honi, lakini ni vigumu kujua inatoka upande gani. Kwenye reli na kwenye barabara ya pikipiki, toa zote mbili na uzitie mfukoni.

Kama unasikia filimbi ambayo haikwishi baada ya siku mbili, ao watu wa nyumbani wanasema unaongeza redio mno, nenda dispanseri. Usiingize kijiti wala ufunguo sikioni. Muuguzi ataangalia kwanza kama ni nta tu, na nta inatolewa kwa dakika chache. Kama si nta, omba upimwe kwa mashini ya masikio. Siku ukipewa ahadi ya kupimwa, iache kaske ya muziki tangu jioni ya jana yake, na usiende kwenye ndoa yenye bafle: masikio yanapaswa kupata saa 14 angalau bila makelele, ama sivyo karatasi itaonyesha uchovu wa usiku ule, na mganga hatajua hali yako ya kweli.